Hesabu ya Kilo Moja ya Unga wa Muhogo

Ukitoka Mbagala Rangi Tatu ukaishika barabara ya Kilwa, ukapita Kongowe na Vikindu, haichukui muda unaanza kuona mashamba ya muhogo kushoto na kulia. Huko, katika kijiji kimoja cha wilaya ya Mkuranga, kipo kikundi cha kina mama 20 wanaotengeneza unga wa muhogo na kuuleta Dar es Salaam. Wanaokisaidia ni wenyeji wa kijiji hichohicho waliohamia mjini: wengine wana mshahara, wengine wana duka, wote wana nia njema na haraka ya kuona nyumbani kunabadilika. Makala haya ni ya watu wa namna hiyo. Yanaeleza yaliyofanyika tangu mchango wa kwanza mpaka unga ulipoanza kulipa, pamoja na fedha zilizopotea njiani. Karibu kila shilingi iliyopotea ingeokolewa na kalamu, daftari na mizani.

Kazi ilianza mwisho, yaani kwenye mashine. Waliopo Dar es Salaam walichangishana kwenye simu, ikapatikana shilingi milioni 2.8, na kabla mtu yeyote kijijini hajatengeneza hata kilo 10 za unga wa kuuza, mashine ya kukwangua ilikuwa tayari juu ya kirikuu, gari dogo la mizigo, ikielekea Mkuranga. Ni mashine inayokuna muhogo kama mbuzi ya kukunia nazi, ila kwa pipa lenye meno linalozungushwa na mota. Mota iliyonunuliwa ilikuwa ya umeme wa njia tatu. Nguzo zilizofika kijijini zilikuwa za njia moja. Mashine ikakaa chini ya turubai miezi minne, na kina mama wakawa wanaulizwa kila wanapopita dukani, "Mashine yenu ya mjini itaanza lini kazi?" Aibu ile ilivunja moyo kuliko hasara yenyewe. Mwishowe mota ikatolewa, ikafungwa injini ya petroli kwa shilingi 650,000 nyingine.

Kwa hiyo swali la kwanza kabla ya kumlipa fundi ni hili: laini iliyopo kijijini ni ya njia moja au njia tatu, na nyumba ya mashine iko umbali gani kutoka kwenye transfoma? Waulize TANESCO wa wilaya, usimwulize jirani mwenye taa na televisheni, maana kwake umeme ni umeme. Kijiji kilicho mwisho wa laini huwa na umeme hafifu jioni, na mota inayojikongoja kuanza huungua.

Kosa la pili lilikuwa ndani ya pipa. Bati la meno lilikuwa chuma cha kawaida. Maji ya muhogo yana uchachu. Yakikutana na chuma hicho huleta kutu ndani ya siku chache, na kutu hiyo inaingia kwenye unga. Kilo 60 za mwanzo zilitoka na rangi ya majivu. Hakuna duka lililozipokea, na waliozitengeneza walizila wenyewe kwa huzuni. Kila sehemu inayogusa muhogo uliomenywa iwe chuma cha pua, hata kama bei inapanda. Ukiagiza kwa mafundi wa Gerezani au Vingunguti, andika kwenye karatasi ya makubaliano: bati la pipa, mfereji wa kutolea na skrubu zinazolishika bati, vyote vya chuma cha pua. Usipotaja skrubu utawekewa za kawaida. Nunua palepale mkanda wa akiba na beringi mbili za ziada. Mkanda ukikatika Jumanne kijijini, muhogo uliochimbwa Jumanne asubuhi umeharibika Alhamisi.

Hilo la mwisho ndilo linaloendesha kazi yote. Muhogo ukishang'olewa, ndani ya saa 24 hadi 48 huanza kuwa na michirizi ya bluu na nyeusi katikati, na unga wake haung'ai tena. Mahindi yanasubiri, muhogo hausubiri. Anayetoka kwenye biashara ya nafaka hudhani anaweza kukusanya mzigo wiki nzima ndipo asage. Hawezi. Unang'oa kile unachoweza kumenya, kukwangua na kukamua siku hiyohiyo, basi.

Utaratibu uliokuja kukubalika ni huu. Muhogo unafika kabla ya saa mbili asubuhi. Unapimwa, unachambuliwa, unamenywa mpaka ngozi ya ndani iliyo nene na nyeupe itoke yote, kwa sababu sumu ya muhogo imejaa zaidi kwenye ganda na ngozi hiyo. Unaoshwa mara mbili, maji ya pili yawe safi kabisa. Unakwanguliwa. Rojo linatiwa kwenye viroba vipya, visivyowahi kubeba mbolea wala chumvi, na kukamuliwa kwa jeki ya gari ya tani 10 iliyofungwa kwenye fremu ya mbao ngumu. Ukifinya konzi ya rojo lililokamuliwa ukaachia, linapaswa kuvunjika lenyewe kama mchanga wenye unyevu. Likibaki donge, rudisha kwenye jeki. Kisha linapitishwa kwenye chekeche kupata chenga, na chenga ndizo zinazoanikwa.

Maji yanayokamuliwa yasiachwe yatiririke. Yana sumu ileile, na mbuzi hupenda kuyanywa. Chimbeni shimo mbali na kisima, na lifunikwe. Maganda nayo mifugo isipewe mabichi. Yakikauka vizuri juani yanafaa kuwa chakula cha mbuzi na hata kuuzwa.

Katika kuanika ndiko kikundi kilikopoteza unga mwingi kuliko penginepo. Mwanzoni walianika chini, juu ya turubai. Kuku wakapita, upepo wa kaskazi ukaleta mchanga, na unga ukawa unasaga meno. Mteja akitafuna mchanga mara moja hanunui tena, wala hakwambii. Chanja za mbao zenye kimo cha kiunoni ndizo zilizomaliza tatizo. Upana usizidi mita 1.2 ili mkono ufike katikati kutoka pande zote mbili. Urefu mita 10. Tandaza chenga zisizozidi kilo nne kwa kila mita ya mraba na uzigeuze kila saa. Kilo 100 za muhogo mbichi hutoa karibu kilo 50 za chenga zilizokamuliwa, kwa hiyo chanja moja ya ukubwa huo inabeba takriban muhogo huo. Chanja nne zinabeba kilo 400 kwa siku. Jua likiwa kali chenga hukauka siku hiyohiyo. Zikilala na unyevu, huchachuka, na harufu hiyo haitoki tena.

Unyevu wa unga usizidi asilimia 12. Kifaa cha kupimia ni ghali, lakini ipo njia ya chumvi inayotumika kwenye mahindi na inasaidia hapa pia: chukua chupa ya kioo iliyokauka, tia chenga na chumvi kavu, funga, tikisa dakika mbili au tatu. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, rudisha kwenye chanja. Isipoganda, unaweza kupeleka mashineni. Njia hii haina uhakika wa maabara, ila inaokoa makosa makubwa. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, msijiwekee lengo la siku za jua. Pangeni nusu ya uzalishaji wa kawaida.

Kwa kuwa mashine ya kusaga ni ya mtu mwingine na inasaga mahindi, ombeni zamu ya kwanza asubuhi, mawe au nyundo zikiwa zimefagiliwa, na kilo mbili za mwanzo zisiuzwe.

Sasa tuje kwenye hesabu, ambayo ilipaswa kutangulia yote hayo.

Kikundi kilikadiria kwamba kilo 100 za muhogo zitatoa kilo 40 za unga. Hakuna aliyepima, namba hiyo ilisemwa kikaoni na mtu anayeheshimika, ikawa kweli. Wakahesabu muhogo shilingi 20,000, petroli 1,500, kusaga 4,000, vifungashio na lebo 8,000, usafiri hadi Mbagala 3,200. Jumla 36,700, ukigawa kwa 40 unapata kama shilingi 918 kwa kilo. Wakauza dukani kwa 1,200 na kufurahi kwamba kila kilo inabakiza zaidi ya 280.

Ukweli ni kwamba kilo 100 zilitoa kilo 25. Ganda na ngozi peke yake huondoka na robo ya uzito, halafu maji. Kusaga kukawa 2,500, vifungashio 5,000, usafiri 2,000, muhogo na petroli vilevile. Wakaongeza vile vitu viwili walivyovisahau: kumenya 3,000, kwa kuwa waliona nguvu zao hazina bei, na pakiti zinazopasuka 1,000. Jumla 35,000. Gawa kwa 25: shilingi 1,400 kwa kilo. Walikuwa wakiuza kwa 1,200. Hata kama wangeendelea kumenya bure, kilo ingewagharimu 1,280, na bila hata kuhesabu pakiti zilizopasuka ni 1,240. Kila walivyozidi kuuza ndivyo walivyozidi kuumia, na waliokuwa Dar es Salaam walizidi kuwapongeza kwa mauzo mazuri. Kilo 600 ziliondoka kwa bei hiyo kabla mtu hajauliza kwa nini sanduku ni jepesi. Hasara, 120,000, pamoja na jasho.

Hizi ni bei za msimu mmoja na kijiji kimoja. Zako zitakuwa nyingine. Namba ya kuibeba ni ile ya robo: panga kupata kilo moja ya unga kwa kila kilo nne za muhogo mbichi, kisha pima mwenyewe mara tatu kabla ya kuamini. Itapungua pia. Mvua zinapoanza baada ya kiangazi, mmea huchipua upya kwa kutumia wanga uliohifadhiwa kwenye mizizi, na kilo 100 zilezile zikatoa kilo 21. Gharama ya kilo ikapanda hadi karibu 1,600. Muhogo uliopitiliza shambani, wa mwaka mmoja na nusu kwenda juu, huwa na nyuzinyuzi nyingi na hutoa unga kidogo vilevile. Ukiweza, nunua wa miezi tisa hadi 12. Mbegu inayojulikana sana Pwani, Kiroba, inapendwa kwa sababu inavumilia ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ambao huozesha muhogo ardhini huku majani yakionekana mazima. Kata kila muhogo wa tano katikati wakati wa kupokea. Ukiona madoa ya kahawia makavu, ukatae palepale mbele ya mwenye mali, kwa heshima.

Kuhusu kupokea: acheni kununua kwa kiroba au gunia. Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita mdomo, humuumiza mkulima anapouzia mtu wa nje, lakini huku iliwageukia wanunuzi, kwani viroba vilijazwa udongo na vishina vya mti. Walipopima kiroba kimoja baada ya kukichambua, kati ya kilo 100 zilizolipiwa 12 hazikuwa muhogo. Mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo ilimaliza ugomvi kati ya ndugu na ndugu. Mama aliyekuwa akilalamika kwamba anapunjwa alisoma namba mwenyewe, akatulia.

Baada ya kujua gharama, bei ikapandishwa hadi 1,800. Maduka matatu yalikataa. Mengine yalikubali kwa sababu unga ulikuwa mweupe, hauna mchanga na umefungwa vizuri. Faida sasa ni 400 kwa kilo. Kilo 200 kwa wiki ni 80,000, na kwa mwezi 320,000. Kwa watu 20 hizo si fedha za kujenga nyumba. Ni vizuri kila mwanachama aambiwe hivyo mapema, tena kwa namba. Waliotarajia kulipwa kila Ijumaa waliondoka mwezi wa tatu, na kuondoka kwao kulikuwa na manung'uniko ambayo yangeepukika.

Fedha za kuendeshea zilitafutwa sehemu tatu.

Ya kwanza ni sanduku lao la VICOBA (la kuweka akiba na kukopeshana), ambalo lilikuwapo kabla ya mashine na lilikuwa limeendeshwa vizuri kuliko kitu kingine chochote kijijini. Kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, fedha zinahesabiwa mbele ya wote. Hisa moja 2,000, mtu ananunua moja hadi tano kwa wiki. Wastani ulikuwa tatu, yaani 120,000 kwa wiki, na kwa wiki 50 ni milioni 6. Wasaidizi wa mjini wakashauri zote ziingizwe kwenye unga. Huu ni ushauri mbaya, na tunausema bila kuzunguka. Fedha za sanduku zina kazi yake: ada za shule Januari, ugonjwa, msiba. Mradi ukiyumba na sanduku likiwa ndani yake, kijiji kinapoteza vyote viwili. Kingine, mwisho wa mzunguko wanagawana, na mgawanyo wa Desemba unaliacha sanduku tupu wakati unga unahitaji fedha. Walichofanya ni kuufungulia mradi akaunti yake, na mradi ukawa unakopa kwenye sanduku kama mwanachama mwingine yeyote, kwa kiwango chenye ukomo na tarehe ya kurudisha, usivuke Novemba. Vikundi vya namna hii vinatambuliwa na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, katika daraja la nne, na vinatakiwa kusajiliwa kupitia halmashauri.

Ya pili ilikuwa mkopo wa kausha damu. Mmoja wa viongozi alikopa 300,000 kimyakimya ili muhogo usikose kununuliwa wiki ambayo maduka hayajalipa. Riba asilimia 20 kwa mwezi, 60,000. Kwa faida ya 400, inabidi kuuza kilo 150 kwa mwezi kulipia riba tu, na deni lenyewe bado liko palepale. Miezi mitatu, 180,000 zikaenda. Alianza kupita njia ya nyuma asikutane na wenzake, na ilikuwa mpaka mume wake alipouliza kikundi ndipo ikajulikana. Hakuiba hata senti. Alikuwa akiuokoa mradi ambao haukuwa na fedha za mzunguko, na wenzake walilielewa hilo wakalipa pamoja. Ukisaidia kikundi, mwulize mtunza fedha akiwa peke yake, kwa upole: "Dada, kuna deni lolote unalolibeba kwa ajili yetu?" Uliza kila mwezi.

Ya tatu ni mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Hauna riba. Ulisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Kazi yake huanza kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata: katiba ya kikundi, muhtasari wa kikao cha kuomba mkopo wenye saini za wote, cheti cha usajili, akaunti ya benki ya kikundi, barua za watendaji, na mchanganuo wa biashara. Majina kwenye muhtasari yafanane herufi kwa herufi na vitambulisho vya NIDA. "Mwanahamisi" huku na "Mwanamisi" kule kulirudisha faili nyuma wiki kadhaa.

Waliandika ombi la milioni 5, na sehemu kubwa ilikuwa ya kununua kinu cha kusaga cha milioni 4. Hapo daftari likawasaidia kwa mara ya kwanza. Kusaga kunawagharimu shilingi 100 kwa kilo, na kwa kilo 800 za mwezi ni 80,000. Kinu cha milioni 4 kingehitaji miezi 50 kujilipa, hata kabla ya dizeli na mwendeshaji. Halafu milioni 5 kurejeshwa kwa miezi 20 ni 250,000 kwa mwezi, wakati faida yote ni 320,000. Mwezi mmoja wa mvua ungetosha kuwaangusha. Wakapunguza ombi hadi milioni 3, marejesho 150,000. Wakazigawa hivi: 900,000 chanja na paa la nailoni juu yake, 350,000 mizani na mashine ya kubania pakiti, 350,000 spea, na milioni 1.4 haikununua kitu chochote. Ilibaki benki ikiwa fedha ya kununulia muhogo.

Hiyo milioni 1.4 iliwakera baadhi ya wasaidizi, waliotaka kitu cha kupiga picha. Lakini tazama ilivyopatikana. Kilo 200 kwa wiki zinagharimu 280,000. Maduka mengi ya Dar es Salaam huchukua mzigo kwa mali kauli na kulipa baada ya siku 30. Ukiongeza wiki moja ya kuandaa unga, fedha ya kilo ya kwanza inarudi baada ya wiki tano. Tano mara 280,000 ni milioni 1.4. Bila hiyo, wiki ya tatu unasimama, mashine ikiwa nzima, muhogo ukiwa shambani, na wateja wakipiga simu. Ukikuza mauzo mara mbili, unahitaji milioni 2.8. Biashara inayokua hula fedha kabla haijatoa fedha, na hapo ndipo msaada wa mtu wa mjini unapofaa kuliko mashine yoyote.

Mali kauli yenyewe inahitaji ukali wenye adabu. Katika maduka 11 ya mwanzo, mawili yalihama bila kulipa na matatu yalirudisha pakiti zilizofunguliwa na panya. Mzee mmoja mwenye duka alikuwa akiwapokea kwa soda na maneno matamu, "Mama zangu, leteni tu, mwisho wa mwezi tunamalizana," na miezi ikawa inamalizika yenyewe. Sasa utaratibu ni mmoja kwa wote. Mzigo wa pili haushuki kabla wa kwanza haujalipwa. Duka jipya linapewa pakiti 10, si 30. Anayelipa taslimu anauziwa 1,700. Wa mali kauli 1,800. Malipo yote kwa lipa namba ya kikundi, kamwe si kwenye simu ya aliyepeleka mzigo, hata awe mwaminifu namna gani, kwa sababu fedha ikipita mfukoni mwa mtu wakati mtoto wake anaumwa, unampa jaribu asilostahili. Mama lishe na wauza chapati waligeuka kuwa wateja bora: wananunua kidogo, wanalipa leo.

Makaratasi ya bidhaa hayakuwa magumu kama ilivyohofiwa, ila yana mpangilio. Anzia SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo. Ofisi yake ya Dar es Salaam iko Vingunguti, na kila mkoa una yake. Mafunzo yao ya usindikaji na barua yao ya utambulisho hufungua mlango wa TBS, shirika la viwango, ambao wana utaratibu wa kuwahudumia wajasiriamali wadogo bila ada ya alama katika miaka ya mwanzo. Tangu mwaka 2019 usajili wa majengo ya chakula nao uko TBS. Mkaguzi ataangalia sakafu inayosafishika, dari, nyavu madirishani, choo chenye maji mbali na chumba cha kazi, na afya za wafanyakazi. Kikundi kilikuwa kimejenga chumba kisicho na dari, kikalazimika kurudia. Mwiteni mtu wa SIDO aone ramani kabla ya tofali la kwanza. Sampuli itapimwa, pamoja na sumu ya sayanidi, ambayo kikomo chake ni miligramu 10 kwa kilo ya unga. Muhogo mchungu unaokimbizwa bila kukamuliwa vizuri huanguka hapo. Jina la biashara ni BRELA, wakala wa usajili wa biashara. TIN, yaani namba ya mlipakodi, ni TRA na haiuzwi, kwa hiyo yeyote anayedai fedha ya TIN mkatae. Alama ya mistari ya Tanzania huanza na 620, na supamaketi nyingi huiulizia kwanza. Msichapishe lebo 5,000 kabla ya namba zote hizo kupatikana. Lebo 2,000 ziliishia kuwashia moto. Njiani, mzigo wa mazao usiozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine uliondolewa ushuru mwaka 2017. Beba risiti na barua ya kijiji, ueleze kwa utulivu.

Kuhusu posho. Wasaidizi walikuwa wakiwapa wanachama 5,000 ya nauli kila wanapokuja kikaoni, kwa moyo mweupe. Walipoacha, mahudhurio yalishuka kutoka 20 hadi tisa. Yaliporudi ilikuwa baada ya kuanza kusoma daftari kwa sauti kila kikao: muhogo ulionunuliwa, unga uliotoka, maduka yanayodaiwa kwa majina. Watu huja kusikiliza fedha zao.

Na Ramadhani. Msimu wa kwanza haukuhesabiwa, na muhogo ukatoweka ghafla. Dar es Salaam nzima inataka muhogo wa futari, wachuuzi wanaufuata mpaka shambani na kulipa bei ambayo unga hauwezi kushindana nayo. Mkulima anayewauzia hao hajakosea. Kwa kuwa mwezi huo hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, uwekeni kwenye kalenda ya uzalishaji: wiki tatu kabla, sageni akiba, ukishaandama, zimeni injini, fungueni beringi mtie grisi, na wanachama wenye mashamba wauze mbichi.

Mwaka wa pili, mnunuzi mmoja wa supamaketi aliagiza kilo 500 kwa wiki, malipo baada ya siku 30. Kikao kilishangilia, kisha mtunza fedha akafungua daftari. Mia tano mara 1,400 mara wiki tano ni milioni 3.5, na wao wana 1.4. Chanja nne haziwezi kukausha muhogo wa kilo 500 za unga kwa siku mbili za kazi walizonazo kwa wiki. Wakamjibu kwa barua kwamba wataanza na kilo 150, nusu ikilipwa mzigo unaposhuka, na wataongeza chanja mbili baada ya miezi mitatu. Alichukua siku nne kujibu, na siku hizo nne zilikuwa ndefu. Akakubali. Jumatano iliyofuata pakiti 150, katika balo sita, zilipanda kirikuu saa kumi na moja alfajiri ili ziwahi foleni ya Kongowe.